Siku Niliyompiga Mama Mnada Kanisani

Sijui kwa nini nawaambia hii, maana hapa Gachoka nikipita bado watu wanashika midomo, lakini afadhali mpate kwangu kuliko kwa shangazi zangu.

Mama aliuza ng'ombe wetu wa maziwa ili nisomee kozi ya programu za kompyuta mjini Embu. Nikamaliza, nikatuma maombi ya kazi mpaka vidole vikachoka, nikarudi kukaa karibu na jiko (mahali ninapopapenda, sikatai), tukinywa chai ya rangi huku majirani wakiuliza kama ile kozi inafaa watoto wao. Mama akawajibu wangoje Jumapili ya mavuno. Kumbe ameshamwahidi pasta kwamba nitaunda mnada wa simu, walioko Nairobi wapandishie bei kuku na mbuzi wa sadaka kana kwamba wako kanisani, na kila kitu kionekane ukutani kwa projekta. Nikasema hiyo ni rahisi.

Na kweli ilikuwa rahisi, ila wakati wa kujaribu nilihitaji picha ya mbuzi, na mtu asiyetoka nyumbani simu yake imejaa picha za nani? Nikaweka ya Mama akipepeta maharagwe, nikaandika chini yake, "Mbuzi jike, amezeeka kidogo, bado ana nguvu," nikacheka peke yangu, nikasema nitaibadilisha kesho.

Nikasahau.

Jumapili pasta akasema tuanze na mbuzi. Mama akatokea ukutani, kutoka dari hadi sakafu. Nikabonyeza pa kukuza badala ya pa kufuta, ikabaki pua tu, na bei zikawa zinapanda (binamu zangu wa Nairobi walikuwa wameelewa mchezo), huku mzee wa mnada, ambaye haoni mbali, akisoma maneno yangu aliyonakiliwa kwenye karatasi: "Bado ana nguvu. Nani anaongeza?"

Mama akasimama. Nami nikatafuta mlango kwa macho.

"Mmeona inafanya kazi," akawaambia wale majirani. Halafu akageukia ukuta. "Lakini hiyo ni bei ya mbuzi. Ongezeni."

Wakaongeza. Na kwa vile desturi yetu ni kwamba aliyeleta kitu akishindwa kukiachia anaweza kukikomboa kwa kutoa kingine, nilimkomboa Mama kwa jogoo wangu wa pekee.

Siku hizi simu yangu imejaa picha za mbuzi. Na mtu akiniuliza kama kozi inafaa, namwambia ukweli: kazi sijapata, zizi bado ni tupu, na kama mama yako hana moyo wa kupigwa mnada hadharani, mwache abaki na ng'ombe wake.