Usafi wa Mwalimu Elieza

Mwalimu Elieza wa Miembeni anaweza kuvumilia mwanafunzi mtoro, umeme wa kukatika na hata mahubiri ya saa tatu nzima. Kilichomshinda ni tangazo la wanawake wanaotaka kuchati naye, lililojitokeza kwenye kompyuta ya sebuleni huku mama mkwe ameketi hapo anakunywa chai.

Alijitakia mwenyewe. Kompyuta ilikuwa nzito, akapakua mtandaoni programu ya bure iliyojisifu kuwa inaongeza kasi. Kasi haikuonekana. Yalikuja matangazo: kubeti, dawa za kupunguza tumbo, mikopo ya papo kwa papo. Ukifunga moja, yanafunguka mawili. Elieza alikuwa akigombana na kioo kwa sauti mpaka majirani wakadhani anamgombeza Joyness, mkewe.

Fundi Datius alimwambia kwa simu kwamba dawa ni kupiga windows upya, baada ya kuhamishia mafaili yake kwenye flashi. Elieza akakataa katakata. Flashi za mafundi anazijua, zimejaa virusi kuliko wodi. Tena ndani ya kompyuta ile mlikuwa na sauti ya marehemu mama yake. Aliirekodi kwa simu kule kijijini kwao Kimwani, mama akisimulia alivyoletwa hapo bibi harusi na kukuta mgomba mmoja tu, ambao ndio uliozaa kibanja chote, shamba zima la migomba. Simu ilipojaa, Elieza alihamishia rekodi zote kwenye kompyuta, akazifuta kwenye simu. Jumamosi ukoo ungekutana Kimwani kusimika msalaba kaburini, na alikuwa amewaahidi kwamba watamsikia mama. Georgina, dada yake, alikwisha kuazima spika ya kwaya.

Basi Alhamisi, baada ya vipindi, alikunja mikono ya shati akaanza kazi mwenyewe. Akaiondoa ile programu, nayo ikamuuliza kama ana uhakika, ikambembeleza abaki, ikaficha kitufe cha kuondolea pembeni kabisa. "Haina haya hii," alifoka. Matangazo yakaendelea. Akaingia kwenye kivinjari, akang'oa vikorokoro asivyovijua. Bado. Mwishowe akagundua kuna tovuti aliyoiruhusu kumtumia arifa bila kusoma, akaifungia. Kimya. Akazima kompyuta, akawasha tena. Kimya bado.

Angeishia hapo angelala vizuri. Lakini hasira ilikuwa haijamtoka, alitaka kulipiza kisasi. Akatafuta video ya kijana mmoja anayeongea haraka haraka, akaelezwa kwamba wadudu hawa huacha mabaki: fungua kabrasha la vilivyopakuliwa, panga kwa tarehe, chochote kilichoingia siku uliyopakua programu na jina hulielewi, futa. Kweli, siku ile yalikuwa yameingia mafaili mengi yenye majina ya namba tupu. Akayachagua yote kwa mpigo, akafuta. Akamwaga na pipa la taka. Kisha, kwa raha zake, akaendesha kisafishaji kilichopitisha usafi juu ya nafasi zote zilizobaki wazi, ili kilichofutwa kisirudishike tena.

Joyness akaja na sahani ya ebitoke, ndizi za kupika, akaona kioo kimetulia.

"Waitu, mume wangu, hongera. Niwekee Mama kidogo nimsikie."

Elieza akafungua kabrasha. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba rekodi alizihamishia humo humo, siku ile ile, na kwamba programu ya kasi aliitafuta kwa sababu zilikuwa zinaingia polepole. Majina alikuwa hajazipa. Simu ilizipa namba.

Ijumaa alimpelekea Datius kompyuta bila kubishana. Datius alihangaika nayo kutwa, akakuta mitihani ya kidato cha pili na picha za harusi viko salama. Rekodi hazikurudi.

Jumamosi alisimama Kimwani mbele ya ukoo, kando ya spika isiyo na kazi, akawaambia kwamba sauti ya mama ameifuta yeye, kwa mkono wake. Hakuna aliyemgombeza, na hilo lilimuuma kuliko kugombezwa.

Georgina akamwambia, "Basi simulia wewe. Ulikuwepo."

Akaanza, kwa Kihaya, kama mama alivyosimulia. Maneno aliyakumbuka karibu yote. Alipofika pale ambapo mama alikuwa akicheka, aliwaambia, "Hapa alicheka," akaendelea.