Ngeli ya Kiboko Katika Darasa la Likoni

Aliyenipa habari ni dada yake mwalimu. Alipiga simu Jumatano asubuhi nikiwa bafuni nanyoa ndevu, akanisalimu, akauliza hali ya nyumbani, ya watoto, ya mgongo wangu unaonisumbua, mpaka nikajua kuna jambo, maana kwetu habari nzito haitupwi mlangoni. Kisha akasema, "Kaka, mwalimu hatunaye tena." Inna lillahi. Nilikaa juu ya ndoo na povu usoni, wembe mkononi. Najua wasomaji wangu wa siku nyingi mtasema, huyu naye kila akifa mtu yeye kalamu mkononi. Wallahi sivyo. Wengi wamekufa, na wakubwa kweli kweli, nami nimenyamaza. Huyu sinyamazi. Mwanamke huyu wa Likoni aliwafundisha vijana wetu lugha ya kompyuta kwa Kiswahili, Kiswahili chetu hiki hiki tunachoombea chumvi kwa jirani, baada ya kuambiwa na watu wenye viti vya kuzunguka kwamba haiwezekani. Najivunia kumjua, na leo nitajivuna hadharani, mnistahimilie.

Alikuwa ameandika programu kwa miaka mingi katika ofisi moja ya Changamwe, programu za kufuatilia makontena. Lugha ya kompyuta waliyoitumia pale, alinieleza, ilikuwa kali kama forodha: kila kitu kabla ya kuingia lazima kitangazwe jina lake na aina yake, hiki ni namba, hiki ni maandishi, na kikishatangazwa hakigeuki. Halafu akakutana na lugha nyingine, ambayo walioiunda waliipa jina la kito, naye akaiita Yakuti. Katika Yakuti hakuna kutangaza. Kila kilichomo ni kitu chenye uwezo wake. Unakiambia fanya, na kikiweza kinafanya. Aliipenda lugha hiyo mapenzi ya kumsumbua, akawa haongei jambo lingine. Mwishowe akafungua darasa la Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa shirika moja upande wa Shelly Beach. Wanafunzi hawakuwa wageni wa kompyuta. Walikuwa waandishi wa programu tayari, wa Kisauni, wa Changamwe, na wengine wa bara waliohamia huku kikazi, wote wamezoea zile lugha za forodha.

Mimi aliniingiza kwa sababu ya maneno. Alinijia nyumbani Mishomoroni akitaka nimsaidie kutafuta istilahi, na mnanijua mimi na istilahi. Nilikuwa nimejiandaa na maneno makubwa makubwa, mengine nimeyachimbua kwenye Kiarabu cha babu zetu. Kila nililomtajia alikunja uso. Nikamwambia 'dhati', akasema, "Kaka, hawa wanajifunza programu, hawasomi fatiha. Ni kitu. Kitu tu." Nikamwonya angalau maandishi ya programu asiyaite 'kodi' kama wanavyosema vijana, maana mtu wa Likoni akisikia kodi anajificha chini ya kitanda, anadhani mwenye nyumba kaja. Hilo alilikubali, akacheka mpaka akashika mbavu. Kwingine kote tulishindana mchana kutwa, na mke wangu akatuletea chai mara mbili akisema sauti zetu zinafika barabarani.

Jawabu lilikuja tulipokuwa tumechoka na kuacha. Nilikuwa nalalamika, kama kawaida yangu, juu ya mtangazaji mmoja wa redio aliyesema 'kipofu kimevuka barabara'. Nikasema mtu huyu ameona 'ki' akadhani ni kikombe. Kipofu ana roho! Jina limevaa 'ki', sawa, lakini kitendo hakitazami nguo, kinamtazama aliyevaa. Mwalimu akaweka kikombe chini. "Hebu rudia hapo," akasema. Nikarudia. Akafikiri kidogo, akaniuliza, "Na kiboko?" Nikamuuliza, kiboko yupi? Akapiga meza kofi chai ikamwagika. "Umeona umesema yupi! Ungeweza kusema kipi. Kiboko wa mtoni amelala. Kiboko cha maalim wa chuoni kimelala juu ya kabati. Jina ni lile lile, wala hakuna aliyetangaza mapema huyu ni mnyama na hiki ni cha kuchapia. Ndiyo Yakuti hiyo, kaka! Haiulizi kitu kinaitwaje wala ni cha kabila gani. Inauliza kinaweza nini." Akaondoka bila kuaga vizuri, na mimi nikabaki nimevimba kichwa kwa furaha, kwa sababu ngeli, ambazo watoto wetu huzilia darasani, zilikuwa zimepata kazi mpya.

Nilikwenda darasani kwake Jumamosi moja kumsikiliza. Alikuwa anawafundisha kwamba katika Yakuti hata namba ni kitu na unaweza kuipa amri. Unaiambia tano ifanye mara zake, nayo inafanya jambo mara tano. Kijana mmoja wa bara akainua mkono. "Madam, sasa namba inaambiwa aje? Namba si ni namba tu?" Mwalimu akamjibu, "Kwani kwenu hamwongei na vitu? Hujamsikia mama akigombana na jiko la mkaa, waka basi, mbona hutaki kuwaka?" Ukumbi ukacheka, na yule kijana akaandika ule mstari, akaibonyeza mashine, na salamu ikatokea kwenye kioo mara tano. "Wueh, imeskia!" akasema. Mwalimu akamwambia, "Imesikia, baba. Ina masikio kuliko wewe."

Sasa niwape kisa chenyewe. Mkuu wa shirika lenye ukumbi alikuja akamwambia kwamba darasa hilo lazima lifundishwe kwa Kiingereza, kwa kuwa waajiri wanataka Kiingereza na Kiswahili hakifai mambo ya kitaalamu. Mwalimu akamjibu kwamba Kiingereza wanacho tayari, wanachotafuta pale ni kuelewa. Bwana yule hakuridhika. Akasema ataleta mtaalamu kutoka Nairobi awaulize wanafunzi, na wakishindwa kueleza wanachokifanya, darasa litafungwa na kompyuta zipelekwe kwingine. Mwalimu alinipigia jioni ile. Sikuwahi kumsikia na sauti ndogo vile. "Kaka, ukumbi mwingine sina. Na wakishindwa hawa hawatasema ni mimi niliyefundisha vibaya. Watasema ni Kiswahili." Nikamwambia nitakuja nikae nyuma.

Siku ilipofika mtaalamu alichelewa, feri ilimweka kama inavyotuweka sote. Alikuwa kijana mpole wa bara, mwenye begi la mgongoni, wala hakuwa na maringo. Akauliza swali lake kwa Kiingereza: lugha isiyojua aina za vitu mapema hujuaje la kufanya navyo? Nilimwona mwalimu ameshika ukingo wa meza. Kisha binti mmoja wa Changamwe akasimama. Akauliza kama anaruhusiwa kujibu kwa Kiswahili. Mkuu wa shirika akakunja uso, lakini mgeni akasema, "Jibu tu, dada." Binti akaenda ubaoni, akaandika 'kiboko' mara mbili. Akamwambia mgeni, "Huyu wa kwanza yuko mtoni, amefumba macho. Sema anafanya nini."

"Kiboko imelala," akasema mgeni.

"Na hiki cha pili ni cha kuchapia, kiko juu ya kabati."

"Hiyo pia imelala."

Lo! Watu waliangua kicheko, mimi nikiwa wa kwanza, Mungu anisamehe. Mgeni naye akacheka akainua mikono. Binti hakucheka. Akasema, "Wa mtoni amelala. Cha kabatini kimelala. Majina yamefanana herufi kwa herufi na sikukutangazia aina. Sisi tunaangalia nani anaweza nini, kisha tunajua la kufanya. Yakuti ni hivyo hivyo." Mgeni akaacha kucheka. Akakaribia ubao, akautazama kwa muda, akauliza swali ambalo mpaka leo namheshimu kwalo. "Na nikiambia kijiko ikorome?"

"Programu itaanguka," akasema binti.

"Itaanguka saa ngapi?"

"Pale pale kijiko kinapoambiwa kikorome. Si kabla."

"Hiyo si ni hatari?"

"Ni hatari," akasema binti. "Ndiyo maana mwalimu hamwachii mtu kutoka hapa mpaka amejaribu kila kijiko."

Mgeni akamgeukia mkuu wa shirika akamwambia hawa wanaelewa, tena wanajua na kasoro ya lugha yao, na kwamba hana swali zaidi. Darasa likabaki. Alipokuwa akiaga alimshika mwalimu mkono akasema, "Madam, wewe ni kiboko." Alikusudia ile sifa tunayompa mtu asiyeshindika, lakini siku ile neno hilo halikuweza kupita hivi hivi. Mwalimu akamkazia macho. "Yupi, au kipi?" Kijana wa watu akasita, midomo inacheza, darasa zima linamsubiri. "Yupi," akasema, na watu wakapiga makofi kama wamefunga bao. Tangu hapo jina likamganda, Mwalimu Kiboko, na yeye alijifanya halipendi. Mimi nilimkuta nje nyuma ya ukumbi baada ya wageni kuondoka, amekaa kwenye ngazi, analia kwa furaha, leso yote imelowa. Nilikaa kando yake nikasema sijui nini, la kipuuzi tu.

Tangu nipate habari ile nimekuwa nikimfikiria yeye na hao vijana wake, na hasira zinanipanda kisha zinashuka. Huku kwetu mtoto akienda kutafuta kazi huulizwa kwanza atangaze: wa wapi, mtoto wa nani, umesoma shule gani. Akisema Likoni, akisema Kisauni, uso wa anayemuuliza unabadilika, na hata hajaulizwa anaweza nini. Hiyo ndiyo forodha aliyoichukia mwalimu, kwenye mashine na nje ya mashine. Lakini msinielewe vibaya, wala yeye msimwelewe vibaya. Hakuwa mtu wa kusema kila mtu apite. Vijana wake walikuwa wakimwita mkali, na baadhi walikimbia. Alisema mtu asiyeulizwa aina yake ana deni la kujaribiwa zaidi, na yeye aliwajaribu mpaka wakatoka jasho. Leo wako Changamwe wanaandika programu za makontena, wako Nairobi, na yule binti wa ubaoni ana darasa lake mwenyewe Kisauni, kwa Kiswahili, na ngeli nimeambiwa hazichezewi. Na mkuu wa shirika siku hizi huwaambia wageni kwamba darasa lile lilikuwa wazo lake. Mwachieni.

Tulimzika Jumatano ile ile baada ya laasiri. Sijawahi kuona mazishi ya Likoni yenye mabegi ya kompyuta mengi vile. Vijana walitoka makazini moja kwa moja, Waislamu na Wakristo, wakapokezana jeneza. Ninachokichukua kwake ni hiki, na nawaachia nanyi: tukimpokea mtu tusikimbilie jina alilovaa, tumpe kazi tuone, na tusimwonee haya kumjaribu. Hili si la kompyuta peke yake, ni la mama anayechagua fundi wa nguo na la sisi tunaopiga kura.

Jioni nimekaa matangani simu ikalia. Ni yule mtaalamu wa Nairobi, ambaye sikujua kama alihifadhi namba niliyompa siku ile ya ubaoni. "Shikamoo, mzee," akasema. "Nimeambiwa kiboko..." Nilimsikia anatafuta, na mimi, ambaye nimesahihisha watu maisha yangu yote, sikumsaidia. Nilingoja.

"Amelala," akasema. "Kiboko amelala."

"Amelala, baba," nikamwambia. "Hukukosea."