Kitabu Kilicholindwa Kama Moto

Niliondoka kwa sababu ya kitabu kimoja ambacho mwalimu wa Maguu, kijiji cha milimani huko Mbinga, alikuwa akikitafuta wiki baada ya wiki bila kukipata. Si kwamba kilikuwa kimepotea. Hakikuazimwa na mtu akakisahau chini ya kitanda, wala hakikuliwa na mchwa, maana hakina karatasi. Ni kitabu cha kielektroniki, kipo usiku na mchana. Lakini kila Mwalimu Winfrida alipokifungua, simu yake ilimletea maneno yaleyale: kinasomwa na msomaji mwingine, jaribu tena baadaye.

Mimi ni mkutubi wa chuo anachosoma Winfrida. Wanafunzi wetu wengi husoma wakiwa makwao, kazini na mashambani, na kazi yangu ni kuhakikisha vitabu vya kielektroniki vinawafikia huko huko. Winfrida alikuwa amebakiza sura moja tu ya tasnifu yake. Msimamizi wake alikataa kuipokea sura hiyo mpaka aisome kazi iliyomo katika kitabu kile, na mwisho wa mwezi ukipita, angerudia mwaka mzima.

"Dada," aliniuliza kwenye simu, "huyo msomaji mwingine halali?"

Kabla hatujapanda gari, nieleze jambo moja, kwa sababu wengi hulikosea na si kosa lao. Kitabu cha karatasi tukikinunua kinakuwa chetu. Tunakipiga mhuri, tunakiweka rafuni, kinakaa hadi kichakae. Kitabu cha kielektroniki hatukinunui chenyewe, tunanunua ruhusa ya kukisoma, na ruhusa hiyo ndiyo leseni. Kwa kuwa bei yake ni mzigo kwa chuo kimoja, vyuo kadhaa huungana, hulipa pamoja, na wanafunzi wao wote hupita mlango mmoja. Vitabu vingine leseni yake huwaruhusu wote kuingia kwa pamoja. Vingine, na hiki kilikuwa kimojawapo, huruhusu msomaji mmoja kwa wakati mmoja. Fikiria chumba chenye kiti kimoja. Aliyekaa akiinuka, mwingine anakaa. Akisinzia au akiondoka bila kuaga, kitabu hungoja kidogo, kikiona hakiguswi na mtu, hujifunga na kiti huwa wazi.

Ndiyo maana nilishangaa. Kiti hiki hakikuwa wazi asubuhi, mchana wala jioni. Nilimpigia mkutubi mwenzangu wa chuo kingine katika muungano wetu, naye akanijibu kwa fahari kwamba msomaji huyo ni wa kwao, afisa uvuvi wa kata moja ya ufukweni mwa Ziwa Nyasa. "Huyo jamaa anakila kitabu," alisema. "Anageuza kurasa tangu kuche mpaka kuchwe." Tungeweza kumtoa kwa kubonyeza mara moja tu. Lakini unamtoaje mtu kwenye kiti kabla hujauliza anasoma nini? Mwenzangu alimpigia, na yule bwana akasema tukimtembelea atafurahi. Nikafunga mkoba.

Mbinga nilifika kabla ya adhuhuri, kwa basi kutoka Songea. Ulikuwa msimu wa kahawa, na mji mzima ulikuwa na harufu ya magunia. Nilikodi bodaboda hadi Maguu. Njiani nilimwomba dereva asimame, kwa sababu sikuamini nilichokuwa nakiona.

Milima yote ilikuwa imechorwa. Mteremko mkali, ambao mbuzi mwenyewe angeufikiria mara mbili, ulikuwa umejaa mashimo ya mraba, safu juu ya safu, kila shimo limezungukwa na matuta, kama sega la nyuki lililotandazwa juu ya nchi. Wamatengo wanaita ngolo. Nyasi hulazwa, hufukiwa kwenye matuta, mazao huota juu yake, na mvua ikinyesha maji hutua shimoni badala ya kukimbia na udongo. Nilikuwa nimesoma habari zake. Kuzisoma ni jambo moja. Kusimama pale na kufikiri kwamba kila shimo lilichimbwa kwa jembe la mkono, na babu wa babu wa mtu, kulinifanya nivue kofia ya pikipiki bila kujua kwa nini.

"Dada, tukichelewa ukungu utatukuta," dereva alisema.

Nyumbani kwa Winfrida nilimkuta mumewe, Otmari, akizungusha mashine ya kumenyea kahawa. Maganda mekundu yanatoka huku, buni nyeupe zenye utelezi zinaanguka kule. Winfrida alinipokea kwa mikono yote miwili, akanikalisha, akanipa ndizi za kuchoma, kisha akaichomoa simu yake mfukoni kama mtu anayetoa mwiba.

"Tazama mwenyewe."

Kinasomwa na msomaji mwingine.

"Nimeamka saa kumi alfajiri, yuko. Nimejaribu wakati wa misa, Mungu anisamehe, yuko. Dada, huyu ni mtu au ni jini?"

"Kesho nitamwona," nilimwambia.

"Mwambie ainuke!"

Wakati huo Otmari alikuwa amemaliza. Aliimwagia mashine maji, akaisugua kila pembe, kisha akaelekea bondeni na kupaza sauti kwa Kimatengo. Sauti ya mwanamke ikajibu kutoka ng'ambo.

"Anamwita nani?" nikauliza.

"Jirani," alisema Winfrida. "Mashine ni moja, sisi kaya kadhaa. Kahawa mbivu ya leo haingoji kesho, itaharibika. Kwa hiyo ukimaliza unaosha, unaita."

"Na usipoita?"

Otmari alicheka. "Usipoita, shemeji, msimu ujao utamenya kwa meno."

Jioni Winfrida alinipeleka shambani kunionyesha tasnifu yake, kwa maana tasnifu yake ilikuwa pale, chini ya miguu yetu. Alikuwa ameandika juu ya ngolo na udongo unaobaki mlimani. Alikuwa amepima, amehoji wazee, ameandika usiku watoto wakilala. Kilichokosekana ni kulinganisha na milima mingine, na hiyo milima mingine ilikuwa ndani ya kitabu kile.

"Udongo usiposhikwa huku unakwenda wapi?" nilimuuliza.

Akanyoosha mkono magharibi. "Ziwani. Wapi pengine?"

Asubuhi iliyofuata nilianza kuteremka. Barabara ya Mbinga kwenda Mbamba Bay huzunguka milima kama mtu asiyetaka kukuambia habari yote mara moja. Baridi ilipungua, nikavua koti baada ya koti. Kona moja ilifunguka, na ziwa likawa pale.

Sijui nilieleze vipi. Nilidhani ni anga limeshuka chini. Abiria mwenzangu, mama aliyebeba kuku, aliona nimeshika kiti cha mbele.

"Mara ya kwanza?" akauliza.

"Mara ya kwanza."

"Basi nyamaza uangalie. Sisi wenyewe hatujalizoea."

Mchana nilifika kijijini kwa Manase, yule afisa uvuvi, kaskazini mwa Mbamba Bay, karibu na mahali mto wa kutoka milimani unapoingia ziwani. Manase mwenyewe alikuwa bado ufukweni na wavuvi. Barazani alikuwepo mama yake, ambaye kijiji kizima humwita Bibi Grace, ameketi mkekani. Mbele yake palikuwa na tenga lililofunikwa, na juu ya tenga kishikwambi, waya wake umepanda hadi kwenye paneli ya sola juu ya paa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Subiri kwanza." Akalowesha kidole kwa ulimi, akakigusa kioo, ukurasa ukageuka. "Haya, sasa karibu."

Nilichungulia. Kilikuwa ni kitabu changu. Kitabu cha Kiingereza, kizito kama jiwe la kusagia.

"Bibi, unasoma?"

"Nisome nini? Nalinda." Alinitazama kwa huruma, kama mgeni asiyejua mambo madogo. "Manase amesema kikikaa bila kuguswa kinazimika. Mtandao wa hapa chini unatosha kugeuza kurasa tu; kukiwasha tena mpaka apande kwenye lile jiwe alfajiri, mtandao ukipenda. Zamani, moto ukizima jikoni, unakwenda kuomba kaa kwa jirani, na siku hiyo ndiyo jirani amenuna. Basi moto hauachwi. Mimi mzee, sina kazi nyingine. Nakigusa."

"Na ukienda kanisani?"

"Mkamwana wangu anashika zamu. Na usiku Manase mwenyewe."

Nilikaa chini. Nilitaka kucheka, kicheko kikakataa kutoka. Msomaji hodari kuliko wote katika muungano wa vyuo vyetu, anayekila kitabu tangu kuche mpaka kuchwe, alikuwa bibi huyu mwenye kidole chenye mate. Nimefanya kazi maktaba miaka mingi. Nimeona vitabu vikipendwa, vikiibwa, vikilaliwa. Sijapata kuona familia nzima ikipokezana zamu kitabu kisizimike.

"Kimoja tu ndicho nakipenda humu," Bibi alisema, akageuza kurasa haraka haraka hadi kwenye picha ya samaki akiruka maji yanayoshuka. "Huyu ni kama mbasa. Anapanda mto kwenda kuzaa. Huyu namwacha kidogo ndipo nageuza."

Manase alirudi suruali imelowa hadi magotini. "Mkutubi! Naona umekutana na msaidizi wangu."

Nilimweleza habari za Winfrida. Alisikiliza, na uso wake ukabadilika.

"Ina maana nikiwa nacho mimi, mwingine hana?"

"Hana."

"Hata aliye mbali?"

"Hata aliyeko Maguu."

Akakaa kwenye ngazi. "Mimi nilidhani kitabu cha mtandaoni ni kama redio. Nikisikiliza, nawe unasikiliza. Bibi, unasikia? Tumemfungia mtu mlango."

"Mimi niliambiwa nilinde," alisema Bibi Grace. "Sikuambiwa kuna mtu nje."

Nilimwonyesha Manase kitufe kidogo pembeni. Leseni ya kitabu hicho humruhusu msomaji kupakua sura moja na kukaa nayo siku kadhaa katika kifaa chake, asome hata akiwa katikati ya ziwa bila mtandao, huku kiti chake kikiwa wazi kwa mwingine.

"Hicho nimekiona kila siku," alisema. "Niliogopa. Chini yake wameandika mambo marefu ya haki za mwenye kitabu. Nikaona nikibonyeza nitakuwa nimeiba."

Alfajiri tulikwenda kwenye jiwe lake. Bibi alibaki chini, amejifunga kanga mbili, kwa maana upepo wa ziwani ulikuwa mkali. Manase alipakua sura aliyoihitaji. Kisha kikabaki kitufe cha kutoka. Kidole chake kikasimama hewani. Naye alikuwa na mtihani wake mbele, na mtandao wa kubahatisha.

"Nikitoka, nikakosa kurudi?"

Sikuwa na la kumwahidi kuhusu mtandao. "Sura unayo," nilimwambia. "Zamu yako nyingine itakuja."

Kutoka chini sauti ikapanda: "Manase! Mwenzako ana watoto na kahawa! Bonyeza!"

Akabonyeza. Nikampigia Winfrida, nikaweka sauti ya nje.

"Mwalimu, fungua sasa."

Tukasikia pumzi yake. Tukasikia jogoo wa Maguu akiwika ndani ya simu.

"Kinazunguka," alisema. "Kinazunguka... bado kinazunguka... Mama yangu! Otmari! Kimefunguka!"

Manase akasogea. "Mwalimu, samahani sana. Mimi ndiye yule msomaji mwingine."

"Wewe! Kumbe huwa unainuka?"

"Nimeinuka leo."

"Na unasoma nini humo mchana kutwa, kaka?"

"Matope. Mto unaleta matope, mbasa wanakosa njia ya kupanda kuzaa. Nataka kujua yanatoka wapi."

Ndipo Winfrida akasema polepole, "Hayo matope ni udongo wetu wa huku. Ndio ninaoandika habari zake."

Nilitazama milima nyuma yetu, bado ina giza, na maji mbele yetu yakianza kung'aa. Watu wawili, mmoja kwenye chanzo cha mto na mwingine kwenye mdomo wake, walikuwa wakigombania kiti kimoja bila kujuana, na walikuwa wakiuliza swali moja.

"Basi ushikeni huko huko," alisema Manase.

"Tunaushika, kaka. Njoo uone ngolo."

Siku ya kurudi Bibi Grace alinipa mfuko wa usipa wakavu, dagaa wa ziwa lile, nimpelekee yule mtu wa nje. Mbinga nilimkabidhi Otmari, aliyekuwa ameleta kahawa mjini. Winfrida hakuja kunisalimu. Alikuwa anasoma, na sijawahi kufurahia kumkosa mwenyeji kiasi kile.

Sura yake ilipokelewa kabla mwezi haujaisha. Yeye na Manase sasa wamepangana wenyewe, na anayefunga kitabu humwambia mwenzake kwa simu, "Nimeosha mashine."

Mimi niliporudi nilifanya jambo dogo. Kwenye ukurasa wa maktaba yetu, chini ya maelezo marefu ya leseni, niliandika kwa Kiswahili jinsi ya kupakua sura na jinsi ya kutoka. Nimejifunza kwamba hakuna mtu katika safari ile aliyekuwa mchoyo. Kila mmoja alikitunza kitabu kwa njia bora aliyoijua, na sisi tulioshika leseni ndio hatukuwahi kumwambia aliye ndani kwamba ana mwenzake. Sentensi ya mwisho niliyoandika ni ya Bibi Grace, nimeigeuza kidogo tu: Ukimaliza funga, kuna mtu nje.

Jumapili mchana, Winfrida ameniambia, yeye hakigusi kitabu kabisa. Manase amemweleza kwamba mama yake akitoka ibadani huuliza kama moto upo. Basi Manase hukiwasha kitabu, humfungulia ukurasa wa samaki anayepanda mto, na hakuna anayegeuza.