Mota ya Ildefonce na Umeme wa Njia Moja

Mume wangu Ildefonce amewasagia watu wa Titye unga miaka thelathini na moja, na mtu akisema unga wake una mchanga, aje aniambie mimi. Ufundi alijifunzia Kibondo akiwa kijana, kwa fundi mmoja aliyemchapa kwa mkanda wa mashine kila alipokosea. Mpaka leo akitega sikio kwenye injini anakuambia nati ipi imelegea. Ila umwambie jambo la nyumbani, hasikii.

Mjane hamtozi hela. Anamimina, anasaga, anageukia pembeni kama hajaona. Ndiyo maana bati letu ni lile lile la zamani. Nimemsema sana, lakini usidhani ningetaka kuolewa na mwingine.

Kilichomsumbua ni dizeli. Watu wakigombana huko mbali baharini, sisi huku dizeli inapanda, na wanawake wanarudi kutwanga. Basi nguzo za umeme zilipofika kijijini, mwalimu Asmahani, binti wa Mtwara aliyeletwa kufundisha kwetu, akamweleza kwamba gesi ya kwao inachomwa mitamboni huko pwani, inazaa umeme, unaungana na ule wa mito, unapita kwenye nyaya hadi huku milimani.

"Kwa hiyo ni gesi yetu wenyewe?" Ildefonce akauliza.

"Yetu, babu. Ingawa bomba lilipoipeleka Dar, sisi nyumbani tulinuna. Tulitaka itufae sisi kwanza."

"Mlinuna bure. Ingebaki kwenu, mimi huku ningesagia nini?"

"Haya, babu naye kaanza siasa!" mwalimu akacheka.

Tangu siku hiyo mume wangu hakuwa na habari nyingine. Kwa nini anunue dizeli ya watu wakati nchi ina gesi yake ardhini? Akaenda Kasulu mjini, kwenye duka la vifaa la Nurudini, akarudi na mota ya umeme nyuma ya pikipiki. Akaifungua injini ya dizeli, akaiweka nje chini ya turubai, akapatana na Niyonzima, msagaji wa Gwarama, amuuzie, aje kuichukua Jumamosi.

"Baba Majaliwa," nikamwambia, "usimfukuze mke mkubwa kabla mdogo hajapika."

"Wewe na hiyo injini mmezeeka pamoja, ndiyo maana mnateteana."

Siku hiyo chai hakuiona.

Jumatano umeme ukawashwa. Taa zikawaka, watoto wakapiga mayowe. Ildefonce akavaa shati la kanisani, akabonyeza swichi ya mota mbele ya wanawake wote. Mota ikanguruma, ikatetemeka, haikuzunguka. Fundi wa nyaya akaja, akatazama juu ya nguzo, akatikisa kichwa.

"Mzee, mota yako ni ya njia tatu. Hapa mmeletewa umeme wa njia moja. Huu ni wa taa na redio."

Nurudini hakuuliza, na Ildefonce hakuuliza. Kila mmoja alidhani umeme ni umeme.

Kibaya zaidi ni mihogo. Sisi tunailoweka mpaka ilainike, tunaianika, kisha inasagwa upesi, maana mvua za kwanza zikiikuta inaota ukungu. Mwaka huu wanawake waliloweka mingi makusudi, wakitegemea mashine ya bei nafuu. Vikapu kumi na saba vilikuwa vimeshapangwa mlangoni kwetu, na mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa Burundi.

Alhamisi mgombea akaja kufanya kampeni uwanja wa shule.

"Gesi yetu, umeme wetu, viwanda vyetu!" akanguruma kwenye spika. Tukapiga makofi. Hata mimi nilipiga, kwa sababu taa naipenda. Akauliza kama kuna mwenye swali. Ildefonce, ambaye hata kwenye harusi ya mwanawe aliniachia mimi hotuba, akasimama.

"Ndugu mgombea, huo wa njia tatu unakuja lini?"

"Hivi karibuni, mzee wangu! Mkituchagua, visima vipya vya gesi vikianza kutoa..."

"Wake zetu wameshaanika mihogo. Mihogo haijui hivi karibuni."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mgombea akacheka pia, huku akipapasa karatasi zake.

"Nimeandika, mzee."

"Andika na jina la Titye, usije ukaupeleka kwa wengine."

Akavaa kofia yake, akaondoka mkutano haujaisha. Ijumaa kutwa alikuwa anairudisha injini mahali pake, vidole vinatoka damu. Mimi nilishika spana.

"Mke mdogo anajua kupika?" nikamuuliza.

"Shika hapo, mama. Usilegeze."

Jumamosi Niyonzima akafika na lori, akaikuta injini inaunguruma na unga unatoka.

"Mzee! Nimetoka Gwarama alfajiri, na mali yangu unaisagia mihogo?"

"Nimekukosea. Chukua mota, bado mpya."

"Kwetu hata hiyo njia moja haijafika!"

Ildefonce alimwonyesha tu ile foleni ya vikapu, na nyuma yake mawingu. Niyonzima akatazama vikapu, akatazama anga, akatukana kidogo kwa Kiha, kisha akavua koti, akabeba kikapu cha kwanza mpaka kwenye kinu.

"Siku ukipata hizo njia tatu," akasema, "unipigie simu mimi kabla ya mtu yeyote."

"Utakuwa mzee kama mimi."

"Basi nitakuja na fimbo."

Mvua ilianza saa kumi. Kikapu cha kumi na saba kilikuwa kimeshasagwa.