Macho ya Mfalme Mchawi

Nimekunywa chai katika miji mingi, lakini sijawahi kunyoosha kidole vibaya kama Jumapili iliyopita, mgahawani Kirumba. Tulikuwa tunabishana kuhusu ile tamthilia aliyotuletea mwenye mgahawa kwa televisheni yake mpya: yule mfalme mchawi atashindwaje katika vita vya mwisho?

"Nguvu zake ziko kwenye fimbo," alisema fundi baiskeli.

"Fimbo ni geresha!" nikasimama. "Ziko kwenye macho yale mekundu!" Nikanyoosha kidole kwenye televisheni, iliyo kwenye rafu juu ya mlango. Wakati huohuo mlangoni akaingia bibi muuza samaki wa kubanika, beseni kichwani, macho mekundu kama pilipili.

Watu wakamtazama yeye akitua beseni. Fundi, mteja wake wa siku zote, alichagua sato, akasita, akamrudisha kwenye beseni na kufuta vidole kwenye suruali.

"Bibi, hayo macho umeyapata wapi?" akamuuliza.

Msomaji, unajua huku kwetu swali hilo huishia wapi kwa bibi kizee. Tamthilia ina miezi inamchunguza mchawi wake. Sisi tulimpata wetu kabla chai haijapoa.

"Shikamoo bibi," nikagugumia. "Nilikuwa namsema yule wa kwenye televisheni."

"Marahaba. Yule kapakwa rangi," akasema, akijitwisha beseni lake. "Mimi ni moshi. Au mlidhani samaki mnaowala wanajibanika wenyewe?"