Mama Kwa Nini na Feni ya Mtihani

Mama mkwe hakemewi. Hilo nimelijua tangu nilipomwoa binti yake, na kwa miaka kumi na mitatu halikunisumbua hata kidogo. Kisha siku moja mama huyo akaingia karakanani kwangu na kigoda chake mkononi, akakaa kati ya mota ya pampu na rundo la pasi mbovu, akaniambia, "Baba, endelea na kazi. Mimi nauliza tu."

Alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini na minane. Sare za shule, mapazia, suti za mabwana harusi, vyote vilipita mikononi mwake. Halafu macho yakaanza kulikataa tundu la sindano. Siku aliyomshonea mteja suruali yenye mfuko uliozibwa pande zote, alicheka mpaka machozi yakamtoka, akaifunika cherehani kwa shuka. Shemeji yangu, kifungua mimba wake, akapiga simu kutoka mji mwingine. Mama aje kwake apumzike. Chumba kipo na kiti cha barazani kipo.

"Nikae barazani nifanye nini?" akauliza mkwe wangu. "Niwe chungu cha maua?"

Wakabishana wiki nzima. Mwishowe wakapatana hivi: chuo cha ufundi kilicho mtaa wa pili kina mtihani wa wanaoanza kujifunza umeme na mitambo. Mama akifaulu, anabaki kwetu na anafanya kazi karakanani. Akifeli, anafunga virago bila neno. Shemeji alikubali upesi mno, tena kwa kicheko, na mama yake alikisikia kile kicheko. Akakata simu, akanigeukia.

"Nina miezi minne. Haya, umeme ni nini?"

Nilijibu kwa majivuno yangu yote ya miaka ishirini ya kazi. "Mama, umeme ni nguvu inayopita kwenye waya."

"Inapita kwenda wapi?"

"Kwenye taa."

"Ikifika kwenye taa inakaa?"

"Hapana, inarudi."

"Inarudi kufanya nini, na taa imeshawaka?"

Nikachukua bisibisi ambayo sikuihitaji, nikainamia pasi ambayo ilikuwa imeshapona.

Hapo ndipo mateso yangu yalipoanza, na sitasema uongo, niliyapenda. Fyuzi inajuaje kwamba umeme umezidi? Haijui, mama, inayeyuka tu. "Maskini," akasema, akaishika ile fyuzi iliyoungua kwa heshima zote. Nilipomfungulia transfoma na kumwonyesha koili mbili zisizogusana, alitoa macho. "Hazigusani, hazisalimiani, na habari inafika upande wa pili! Kama majirani waliogombana." Wateja wakaanza kumwita Mama Kwa Nini, na wengine walileta vitu vizima ili wakae wasikilize. Mimi nilinunua vitabu vya wanafunzi nikavificha chini ya sanduku la spana. Mke wangu alinikamata nikisoma habari za sumaku chooni. Alicheka mpaka akakaa chini.

Mambo ya mitambo hakuhitaji mwalimu. Mkanda, puli, gia, gurudumu kubwa linalozunguka mara moja huku dogo likizunguka mara nne, hayo aliyakanyaga kwa miguu yake tangu ujana. Nikisema beringi, yeye alishaiweka sikioni, akaizungusha, akatoa hukumu. Alikuwa sahihi kila mara, jambo lililoniudhi kidogo.

Lakini alikuwa na ugonjwa wa mafundi cherehani wote: mafuta. Kila asubuhi kwa miaka thelathini na minane alianza kazi kwa kuitilia cherehani yake mafuta, tone hapa, tone pale. Basi asubuhi moja nilichelewa, nikamkuta ameshafika, ameshafagia, na ameshazinywesha mashine zote mafuta kwa upendo mkubwa. Sikujua. Nikachukua drili yangu ya kuaminika mbele ya mteja, nikaiwasha. Ilitema cheche, ikapiga chafya, ikatoa moshi mweusi. Mteja alikimbia akaacha kiatu kimoja mlangoni.

Nilimeza mate mara tatu ili nisiseme neno ambalo mkwe haambiwi. "Mama," nikasema taratibu, "ndani ya drili kuna kaboni mbili. Zinasugua ile sehemu inayozunguka, na umeme unapitia hapohapo. Zinasuguana kavu."

"Kinachosuguana kinapewa mafuta."

"Hiki hakipewi."

"Basi wangeandika!" Alikuwa amekasirika kweli, si kwangu, kwa waliounda drili. Alitumia siku nzima kuifungua, kuisafisha na kuikausha, nami nikimsimamia. Ilipowaka safi jioni ile, alinipigia makofi mimi, kana kwamba ndimi niliyefanya kazi.

Miezi minne ikaisha kama mchezo. Siku ya mtihani mke wangu alikuwa kazini, kwa hiyo nilimsindikiza mimi. Wazazi wa watahiniwa walipewa benchi nje ya dirisha, nami nikakaa nao. Mzee mmoja aliyekuwa na wasiwasi kuhusu binti yake akaniuliza, "Wako yupi?" Nikamwonyesha. Akatazama, akanitazama, akasogea pembeni kidogo.

Maswali ya karatasi yalipita salama. Kisha ikaja kazi ya mikono. Kila mmoja aliwekewa kifaa kibovu mezani ataje kasoro yake. Mkwe wangu aliwekewa feni ya mezani isiyo na kizuizi cha mbele. Msimamizi, dada mmoja mkavu mwenye faili kubwa kifuani, akalilaza faili hilo wazi nyuma ya feni, akaiwasha. Feni ikanguruma, haikuzunguka.

Nilijua jibu. Nikajikuta nimelishika goti la yule mzee.

Mama aliinamisha sikio. Ghafla uso wake ukafunguka. "Heee! Hii inasubiri mkono!" Akachukua rula ya mbao, akaligusa panga moja la feni, akalisukuma kidogo. Feni ikaondoka ikizunguka. Alikuwa amekutana na rafiki wa zamani: cherehani ya miguu nayo ukikanyaga bila kulianzisha gurudumu kwa mkono, inakwama palepale au inarudi kinyumenyume na kukata uzi. Sasa akataka kujua na hii je. Akaizima, akangoja itulie, akaiwasha tena, akaisukuma upande wa pili.

Ikakubali. Ikazunguka kinyume, na upepo wote ukatokea nyuma, ambako lilikuwa limekaa faili wazi la msimamizi. Karatasi za watahiniwa kumi na saba zikaruka. Moja ilitua kichwani mwa kijana aliyekuwa akipambana na swichi, nyingine zikatoka dirishani tukazidaka sisi wazazi. Mama alikuwa akicheka mbavu hana. "Inakwenda kotekote! Dada, inakwenda utakakoisukuma! Kapasita yake imekufa, haina wa kuianzisha! Lakini kwa nini haichagui?"

Msimamizi hakucheka. "Mama, nenda nje usubiri."

Alitoka, akakaa kando yangu, kicheko kikamwisha. Tulikaa hapo saa nzima huku ndani wakipanga karatasi upya na kuzisahihisha. "Nimeharibu," akasema. "Mwanafunzi wako ameharibu." Nilitaka kumwambia kwamba mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza kwa nini haichagui. Badala yake nikampa chupa ya maji.

Msimamizi akatoka na orodha. Waliofaulu ni tisa. Akasoma majina, na kila jina likafuatwa na kelele na kukumbatiana. Binti wa yule mzee alikuwa wa tano. Nilikuwa na shida moja ya aibu: kwangu yeye ni Mama, kwa watu ni Mama Kwa Nini, na jina lake lenyewe nililisikia mara moja siku ya harusi nikalisahau. Nilimtazama yeye badala ya orodha. Hakusogea.

Majina manane yakaisha. Likasomwa la tisa. Hakuna aliyeitika. Nilianza kupanga nitakavyomwambia mke wangu, na nani ataibeba cherehani kwenda kwa shemeji.

Msimamizi akalisoma tena, kwa sauti kubwa zaidi. Akalisoma mara ya tatu, jina lote, na la baba yake, na la babu yake, macho yake yakiwa juu yetu. "Hayupo?"

Mkwe wangu akasimama, akajinyoosha nguo. "Nipo."

Nilipiga ukelele nikamkumbatia, jambo ambalo mkwe hafanyiwi, na nikalia bila haya mbele ya wazazi wenzangu. "Mama," nikamwambia, "kumbe hukusikia?"

"Nilisikia mara ya kwanza," akasema. "Nilitaka walirudie."