Jina Ambalo Burulcha Hakulitaja

Siku Burulcha alipoletwa nyumba ya juu kama bi harusi, kitambaa cheupe kimemfunika mpaka kidevuni, wanawake wa nyumba ile hawakumnong'oneza habari za mume. Walimwambia hivi: "Jina la baba mkwe wako usilitaje. Wala la kaka zake. Wala kitu chochote kinachofanana nalo." Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa na miaka ishirini, ametoka mtaa wa chini wa kijiji hichohicho cha Jilgin-Bulak, na kazi ya kunyamaza aliiona nyepesi kuliko kukamua ng'ombe.

Baba mkwe aliitwa Baltabay, na kwa lugha yetu balta ni shoka. Hebu ona mkosi huo! Miaka arobaini na mitano mama wa watu hakuweza hata kuomba shoka la kupasulia kuni. Alisema "kile cha kukatia". Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa mtani, anamuuliza makusudi, "Kile kipi, mke wangu? Kisu? Msumeno? Mkasi?" Burulcha anamsonya, anakwenda kulichukua mwenyewe na kuni anapasua mwenyewe. Na baba mkwe mwenyewe, Burulcha alimwita kwa jina la heshima, Mzee wa Juu.

Lakini msidhani alikuwa bubu. Alikuwa mtunza maktaba wa kijiji, chumba kimoja chenye jiko la makaa, na kila vuli, viazi vikishaingia stoo na mipopla ikianza kumwaga majani, aliandika gazeti la ukutani kwa mkono wake. Karatasi moja pana kama mlango, wino mweusi, vichwa vya habari kwa wino mwekundu. Humo utakuta nani kajifungua mapacha, nani karudi kutoka Urusi na meno ya dhahabu, kondoo wa nani kaliwa na mbwa mwitu, na viazi vya nani vimeganda shambani kwa sababu mwenyewe alikuwa anacheza karata. Huyo wa karata alitajwa jina lake na la baba yake. Chini kabisa palikuwa na kona ya kumbukumbu, na hapo ndipo wazee walipokuwa wakisogeza miwani.

Siku ya kufunga maji, lango la mfereji linaposhushwa hadi masika, kijiji kizima hukusanyika pale langoni. Anachinjwa kondoo, yanakaangwa maandazi sufuria kubwa, na Burulcha anasimama kulisoma gazeti kwa sauti kabla halijabandikwa kwenye ukuta wa duka. Hakuna aliyewahi kumwambia asome nini. Mpaka mwaka huo.

Shemeji yake Mederbek, mdogo wa marehemu mumewe, alikuja kwake siku tatu kabla ya siku hiyo, kofia mpya kichwani na faili kwapani. Ndiye mwenyekiti wa kijiji. Burulcha alipoolewa, huyu alikuwa kijana wa miaka kumi anayepangusa kamasi kwa mkono wa shati, na aliyekuwa akiyafua mashati hayo ni Burulcha. Tangu hapo humwita Bwana Mdogo.

"Shemeji, mwaka huu tumekupunguzia kazi," akasema, akaweka mezani karatasi iliyopigwa chapa. "Kona ya kumbukumbu tumeshaiandika. Wewe ni kusoma tu."

"Nani kakwambia imenishinda?"

"Haijakushinda. Ni kwamba siku hiyo tunafunua jiwe la mfereji. Limeshachongwa, zuri, utalipenda."

Burulcha akavaa miwani. Karatasi ilisema kwamba mfereji wa Jilgin-Bulak ulichimbwa majira ya baridi ya mwaka 1943 na Baltabay mwenyewe, kwa mikono yake na ya wanaume wenzake wachache, wakiwa na njaa, ardhi ikiwa barafu.

"Wanaume gani, Bwana Mdogo?" akauliza. "Mwaka huo wanaume walikuwa vitani. Hapa walibaki vikongwe na majogoo."

"Baba alikuwepo."

"Alikuwepo, kwa sababu ya mguu wake mbovu. Akawa karani wa shamba la ushirika. Karani anashika kalamu. Sururu walishika wanawake kumi na mmoja, na mmoja wao ni mama yangu mzazi, aliyeacha vidole viwili kwenye barafu ile. Unalijua hilo, tangu utoto umekuwa ukiuangalia mkono wake akikumiminia chai."

Mederbek alifungua faili akatoa karatasi kuukuu, ya njano, imekunjika kingo. Burulcha alijua mwandiko wake mwenyewe kabla hajaisoma. Lilikuwa gazeti lake la kwanza kabisa, la vuli ya mwaka 1974.

"Soma hapa chini," Mederbek akasema, na alikuwa akitabasamu.

Palikuwa pameandikwa: "Mzee wa Juu alifika mferejini, na mfereji ukakamilika."

Damu ilimpanda usoni. Maana ukweli ni kwamba mama yake alimsimulia yote, neno kwa neno. Kwamba Baltabay alifika juu ya farasi siku ya mwisho, maji yakiwa yameshaanza kupita, akatoa daftari akauandika mfereji kwa jina lake, akaenda kupewa nishani wilayani. Burulcha alikuwa na miaka ishirini na mitano, mkwe yuko hai, anakunywa chai chumba cha pili. Hakuweza kuliandika lile jina. Akaandika jina la heshima, na kwa jina la heshima huwezi kumshitaki mtu, kwa hiyo sentensi nayo ikaishia kwa heshima. Alijiambia kwamba wenye akili wataelewa. Miaka arobaini imepita, wenye akili wamekufa, na karatasi imebaki ikisema uongo kwa mwandiko mzuri.

"Wewe mwenyewe uliandika," Mederbek akasema. "Sasa leo utapinga nini? Na ukitaka kupinga mbele ya watu itabidi umtaje. Utamtaja baba mkweo, shemeji? Wewe? Mbele ya wazee wa ukoo?" Akacheka. "Hutaki kusoma, atasoma mwalimu. Ila ufunguo wa maktaba utaurudisha."

"Kunywa chai yako," Burulcha akamwambia, "halafu uondoke."

Jioni haijafika alikuwa ameshavuka kijito kwenda kwa Kanyshay. Bibi huyu ndiye pekee aliyekuwa amebaki kati ya wale kumi na mmoja. Alikuwa na miaka themanini na minane, macho mazima na ulimi mzima zaidi.

"Nimesikia mna jiwe," Kanyshay akasema kabla hata hajasalimiwa vizuri. "Wameniita nikakae mbele. Nikae mbele ya jiwe la nani?"

Burulcha akamweleza. Kisha akauliza lile lililokuwa linamchoma. "Mama, mwaka ule niliandika upuuzi ule. Ulisoma. Mbona hukunitukana?"

"Nikutukane vipi? Ulikuwa mkamwana wa watu. Na mimi je, si nimeolewa ukoo huohuo? Mtu yule alituandika sisi kama hewa, na mimi nimezeeka simtaji jina. Hata nikimlaani, namlaani kwa heshima!" Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka. "Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mama yako Saikal alikuwa anachimba, mimi nabeba udongo kwa sketi. Usiku sketi inaganda, asubuhi naivaa ikiwa kama ubao. Sikiliza, binti yangu. Sikio la kulia limeshakufa. Hili la kushoto ndilo limebaki. Nataka nisikie jina langu likisomwa pale langoni nikiwa bado na sikio. Mkija kulisoma kwenye mazishi yangu, mimi nitafaidi nini?"

Burulcha alirudi nyumbani akaketi mbele ya karatasi tupu. Mke wa mwanawe, Nurjamal, alimletea chai akamwona ameshika kalamu bila kuandika.

"Mama, ukilitaja jina lile watasemaje?"

"Watasema sina malezi. Watasema mama yangu hakunifunza."

"Sasa?"

"Sasa mama yangu ndiye aliyechimba, Nurjamal! Nikinyamaza atapotea, hatakuwa mtu wa kitu chochote, hatakuwa hata wa mfereji." Akachovya kalamu. Akaanza kuandika.

Siku ya kufunga maji kulikuwa na jua kali na upepo wa baridi. Jiwe lilisimama kando ya lango, limefunikwa shuka jeupe. Wazee wa ukoo walikaa kwenye busati upande mmoja, wanawake upande wa pili karibu na sufuria, na Kanyshay katikati kwenye kiti alicholetewa, amefunikwa blanketi mpaka kifuani. Mederbek alimkabidhi Burulcha ile karatasi ya chapa. Burulcha akaipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kama inavyotakiwa, akaitandika chini ya birika la moto lisiunguze kitambaa cha meza.

Akaanza na habari. Mapacha wa Jyparkul, watu wakapiga makofi. Yule wa karata, mwaka huu amevuna magunia sitini, watu wakapiga makofi zaidi na mwenyewe akasimama akainama. Paa la shule bado linavuja, na hapo Mederbek akaangalia viatu vyake.

Kisha akafika chini ya karatasi.

"Mwaka 1974 niliandika kwamba Mzee wa Juu alifika mferejini na mfereji ukakamilika. Niliandika nusu. Nusu nyingine niliimeza kwa ajili ya adabu. Mtu niliyemwandika ni baba mkwe wangu, na jina lake ni Baltabay."

Nurjamal alijiziba mdomo kwa kitambaa. Mzee mmoja wa ukoo aliacha mkate njiani, haujafika mdomoni.

"Shemeji!" Mederbek akasimama. "Umemtaja baba!"

"Nimemtaja. Na nitamtaja tena. Baltabay hakuchimba. Baltabay alifika na farasi siku ya mwisho, akaandika."

"Mwanamke, huna haya?" mzee wa mkate akauliza.

"Haya ninayo, mzee wangu. Nimeona haya miaka arobaini na mitano, mpaka shoka nimeliita kile cha kukatia. Shoka! Hilo hapo limelala karibu na kuni, na ni shoka!" Akalinyooshea kidole. "Sikuja kumtukana marehemu. Alinipokea vizuri, alinipa ng'ombe nilipojifungua, na nilimwosha miguu alipougua. Lakini hakuchimba. Kila asubuhi ya ile baridi ulisomwa mkeka wa majina ya wafanyakazi hapahapa, na yaliyosomwa yalikuwa majina ya waume waliokwenda vitani. Mke wa Asan! Mke wa Jumabay! Mke wa Kadyr! Na kila mmoja anaitikia, nipo. Siku za kazi zikaandikwa kwa waume, waume wengi wakafa vitani, kazi ikakosa mwenyewe. Wajane wakakosa hata cheti. Leo mimi nasoma mkeka upya."

Mederbek alikuwa ameshafika mezani. Alinyoosha mkono achukue gazeti, na hapo Kanyshay akapiga fimbo yake kwenye mguu wa kiti.

"Wewe mtoto wa Baltabay," akasema, na ni mara ya kwanza katika miaka sabini jina lile kutoka kinywani mwake, "kaa chini, unaniziba upepo na sikio ninalo moja."

Kuna mtu alicheka upande wa wanawake, kisha wengi. Mederbek akabaki na mkono hewani. Hakukaa, lakini hakuchukua kitu.

Burulcha akasoma. "Saikal binti Mambet. Batma binti Osmon. Tursun binti Ysak. Kalbu binti Chotbay. Sonun binti Jakyp. Bubush binti Akmat. Ayimkan binti Toktosun. Jumakan binti Beyshe. Suyum binti Kalyk. Orozkan binti Dyikan." Baada ya kila jina alingoja, kama karani anavyongoja, na baada ya kila jina palikuwa kimya, maana wote wako makaburini juu ya kilima.

"Kanyshay binti Sultan."

"Nipo!" akapaza bibi, kwa sauti iliyowashitua mbwa.

Alikuwa analia, na machozi hakuyapangusa. Akageuka kwenye kiti chake, akawatazama watu wa busati, wa sufuria na wa langoni, mmoja mmoja.

"Hawa wenzangu walizaa," akasema. "Nawaona hapa wana wao na wajukuu, mmejaa, mnakula maandazi. Mbona hakuna anayeitikia? Mnawaacha waandikwe watoro? Soma tena, binti yangu. Soma tangu mwanzo."

Burulcha akayarudisha macho juu ya karatasi. Wanawake wa sufuria walikuwa wameshaanza kusimama, wanapangusa mikono, na hata upande wa wazee wawili walikuwa wanajiinua kwa fimbo zao.

"Saikal binti Mambet," akasoma.

Watu wakangoja, wakatazamana, hakuna aliyejibu, kwa sababu Saikal alikuwa amezaa mtoto mmoja tu. Burulcha akaiteremsha karatasi kifuani.

"Nipo," akasema.